Nina rupia 15 ya tembo (Tabora 1916), nataka kuipeleka maonyesho ya sarafu Berlin. Usalama ukoje?

Mwana_Unyanyembe:
Wakuu, habari zenu. Niko Dortmund, asili yangu Tabora. Mzee alipofariki nikaangukiwa na kopo lake la sarafu za enzi za Mjerumani. Kuna rupia za fedha zenye kichwa cha Kaiser na kofia yake ya vita, heller za shaba ya njano hazihesabiki, na moja ya dhahabu: rupia 15, tembo ameinua mkonga, mlima nyuma yake, chini 1916 na herufi T. Ndugu wote wameridhia iuzwe ili tummalizie mama nyumba.

Kuna jamaa kanishauri ningoje World Money Fair ya Berlin, mwanzoni mwa mwaka, maana wanunuzi wanatoka kila pembe. Nitajuaje bei kabla sijakaa kwenye meza ya mtu? Na naisafirishaje? Nilipanga kubeba kopo zima kwenye begi la mgongoni, nipande treni. Nawasilisha.

Fundi Mizani:
Pole kwa msiba mkuu. Kwanza ipime. Ya kweli ina gramu 7.168, dhahabu ya karati 18, yaani dhahabu tupu kama gramu 5.37. Zidisha kwa bei ya dhahabu ya siku hiyo, upate sakafu yako. Sonara atakupa hiyo tu. Mkusanyaji hulipa mara kadhaa zaidi, kwa sababu zilipigwa 16,198 tu, kwenye karakana ya reli pale Tabora, kabla Wabelgiji hawajauteka mji Septemba 1916.

Kwa sababu hiyohiyo za bandia ni nyingi. Uzito ukipishana, usikate tiketi ya Berlin. Bei tafuta kwenye kumbukumbu za minada, zile zilizokwisha kulipwa. Bei anayoomba muuzaji mtandaoni ni ndoto yake. Na tafadhali usiisugue kwa limau wala majivu! Ikingʼaa, bei imeondoka.

BintiMvita:
Kwani lazima iende maonyesho? Mngeiazima makumbusho, iko salama na watu wanaiona.

Fundi Mizani:
@BintiMvita hapo hapo Berlin, Bode Museum, Machi 2017, wezi waliingia usiku wakatoka na sarafu ya dhahabu ya Kanada yenye kilo 100, kwa toroli. Watu walifungwa, dhahabu haijaonekana hadi leo. Na makumbusho haimjengei mama yake nyumba.

Meza ya Kona:
Mimi hukaa upande wa pili wa meza, nauza sarafu kwenye maonyesho huku Ulaya, kwa hiyo nisikilize.

Ndani ya ukumbi si pabaya sana, kuna walinzi na kamera. Cha kuogopa ni mkono mwepesi: anaomba kuiona, anaita mwenzake, wanaongea wawili kwa pamoja, na inayorudi mezani siyo yako. Piga picha za karibu pande zote mbili kabla ya safari, mikwaruzo yote ionekane. Mtu akiishika, macho yako yasitoke kwake, hata simu ikiita.

Wenzangu wengi wameibiwa NJE. Wezi hukaa ukumbini wanaangalia nani kauza, nani kanunua, kisha wanakufuata hadi maegesho, hotelini au sheli ukishuka kujaza mafuta. Ukitoka mlangoni vua kitambulisho cha shingoni. Usipite kula. Sarafu iwe mfuko wa ndani wa koti wenye zipu. Begi la mgongoni kwenye treni mtu atalifungua wewe umesinzia. Na kopo zima la nini? Chukua ya dhahabu na rupia mbili tatu za fedha.

Wakili wa Mtaa:
Nyongeza. Usidhani bima ya vyombo vya nyumbani itakulipa. Nyingi zina kikomo kidogo kwa dhahabu na sarafu zisizokuwa kwenye kasiki, na ukitoka nazo nje mambo hubadilika. Waandikie ulize, jibu liwe la maandishi. Beba pia nakala ya karatasi za mirathi, mnunuzi makini atauliza umeipata wapi.

Kaka Mkuu Kigoma:
Mkuu uza siku ya kwanza, chukua keshi, sepa.

Meza ya Kona:
Halafu atembee Berlin na maelfu ya euro mfukoni? Nyumba za minada huwa na meza zao humo humo. Waonyeshe, akikubali mmoja, mwachie kwa stakabadhi yenye uzito, picha na bei ya chini mliyokubaliana. Watakata kamisheni na malipo yatachukua wiki kadhaa, lakini yanaingia benki. Ukitaka, watumie picha kwanza kwa barua pepe. Huenda usilazimike kusafiri nayo kabisa.

Mwana_Unyanyembe:
Ahsanteni sana wakuu. Nimeipima kwa mizani ya sonara wa jirani, imesoma 7.16. Picha nazituma minada miwili wiki hii. Hizi heller je, zina soko?

Fundi Mizani:
7.16 inatia moyo. Heller 20 za Tabora zipo tele, nyingi ni euro chache moja moja. Wagawie wajukuu wa mzee.

Kaka Mkuu Kigoma:
Na mimi nimo kwenye ukoo, nitunzie tatu 😂