Damu imeganda mguuni na nina mimba ya miezi mitano, naomba ushauri

Dada_Katuba: Jambo wapendwa. Mguu wangu wa kushoto umevimba kuanzia paja. Ekografia ya mishipa hapa Lubumbashi imeonyesha damu imeganda ndani ya mshipa. Munganga (daktari) ameniandikia enoksaparini, dawa ya kuzuia damu kuganda, sindano za tumboni asubuhi na jioni, mpaka baada ya kujifungua. Bei inatumaliza. Shemeji ana vidonge vya warfarini alivyobakiza baba yake, anasema kazi ni ileile. Mama mkwe naye anataka kunikanda mguu kwa maji ya moto. Nifanyeje? Na hizo sindano hazimdhuru mtoto?

Mkunga_Kamalondo: Dada, vidonge hivyo mrudishie leo. Warfarini inapita kondo la nyuma na kumfikia mtoto: mimba ikiwa changa inaweza kuharibu pua na mifupa yake, ikikua inaweza kumvujisha damu kichwani. Enoksaparini haipiti kondo, na sindano yenyewe inaishia kwenye mafuta chini ya ngozi. Rivaroksabani, kidonge kingine cha kuzuia damu kuganda, pia hapana. Mama mkwe mwombe kwa heshima aache kukanda; bonge likikatika linakimbilia mapafuni. Ukibanwa pumzi, kifua kikikuchoma au ukikohoa damu, usingoje kuche.

Mama_Mapacha: Mie nilichoma mimba nzima. Finya ngozi ya ubavuni mwa tumbo, mbali na kitovu, ingiza wima, sukuma polepole, usisugue. Leo kulia, kesho kushoto. Alama za buluu utaziona tu, zisikutishe. Joto la mahali unapoweka dawa lisipite digrii 25, na mnajua mwezi wa kumi chini ya mabati kunavyowaka!

Kijana_Kampemba: Kwa bei hiyo si achome ya asubuhi tu?

Mkunga_Kamalondo: Hapana! Dozi inafuata kilo: kwa kawaida miligramu 1 kwa kila kilo, mara mbili kwa siku. Kuruka ya jioni ni kujitibu nusu. Pesa ikikosekana, muulize munganga kuhusu heparini ya kawaida. Nayo haipiti kondo na mara nyingi ni nafuu, ila damu lazima ipimwe kila mara. Kwa maumivu tumia parasetamoli; diklofenaki na ibuprofeni ziache farmasi.

Dada_Katuba: Asante sana. Na uchungu ukinishika?

Mkunga_Kamalondo: Usichome tena, nenda hospitali moja kwa moja. Ukipangiwa tarehe ya kujifungua, dozi kama yako inasimama saa 24 kabla, hasa kama watakuchoma ganzi ya mgongoni. Baada ya kujifungua utaendelea si chini ya wiki 6. Hapo munganga anaweza kukuhamishia warfarini, maana unanyonyesha nayo bila shida, lakini kwa kupimwa damu, si kwa mabaki ya mzee.

Dada_Katuba: Shemeji amesoma, amenuna. Kesho nitamuuliza munganga hiyo heparini.

Mama_Mapacha: Na kwenye kadi ya CPN (kliniki ya wajawazito) andika saa ya sindano ya mwisho kila siku. Usiku wa uchungu hakuna atakayekumbuka.