Kivumishi rasmi cha Kiingereza kwa kitu kisichopendeza machoni

Karani wa Soko aliuliza:

Ndugu wanajukwaa, naomba msaada wenu. Ninaandaa kwa Kiingereza ripoti fupi ya ukaguzi wa eneo la soko, na ndani yake nahitaji kueleza kuta zilizojaa mabango ya zamani yaliyochanika, vibanda vilivyotelekezwa hadi vikashika kutu, na nyaya zinazoning'inia ovyo juu ya njia ya waendao kwa miguu. Neno linalonijia kila mara ni "ugly", lakini naliona kali mno kwa waraka utakaosomwa na mkurugenzi pamoja na wafadhili. Kwa Kiswahili ningeandika tu kwamba mandhari hayapendezi, na hakuna ambaye angehisi kwamba ametukanwa. Je, Kiingereza kina kivumishi cha namna hiyo, na kinatumikaje ndani ya sentensi?

Mwalimu wa Sarufi alijibu:

Ndugu Karani, neno unalolitafuta ni "unsightly". Hutamkwa *ansaitli*, mkazo ukiwa kwenye silabi ya pili, na herufi g na h zilizo katikati hazisikiki kabisa. Kiini chake ni "sight", yaani kuona au kile kinachoonekana. Kutokana nacho lilipatikana "sightly", lenye maana ya kupendeza machoni, ambalo leo ni nadra sana kulikuta, ilhali kinyume chake kinaendelea kutumika kila siku katika maandishi rasmi.

Wanafunzi wengi huona herufi l na y mwishoni wakadhani ni kielezi. Hapana, ni kivumishi, kama yalivyo "friendly" na "lovely", kwa hiyo unaweza kukiweka kabla ya nomino, "unsightly posters", au baada ya kitenzi, "the stalls have become unsightly". Ukihitaji nomino, ipo "unsightliness", ingawa mimi huiepuka kwa sababu huifanya sentensi iwe nzito bila faida.

Kuhusu "ugly", hisia yako ni sahihi. Neno hilo liliingia katika Kiingereza kutoka Kinorse cha Kale, lugha ya zamani ya watu wa Skandinavia, na mwanzoni lilihusu jambo la kuogofya. Ukali huo haujalitoka: Waingereza husema "an ugly incident" wakimaanisha tukio lenye vurugu au uhasama, hata kama hakuna chochote cha kutazama. Kwa upande huo linakaribiana na "-baya" yetu, ambayo hubeba sura na tabia kwa pamoja, ambapo "unsightly" huishia kwenye kile kinachoonekana, bila kuhukumu nia wala mwenendo wa mtu yeyote.

Mfasiri wa Sheria alijibu:

Naunga mkono, na naongeza kwamba neno hili linakubalika hata katika lugha ya sheria. Sheria ya serikali za mitaa ya jimbo la Nova Scotia, nchini Kanada, ina sehemu nzima inayohusu majengo na viwanja ambavyo ni "dangerous or unsightly", yaani vya hatari au visivyopendeza machoni, na huipa halmashauri uwezo wa kumwamuru mwenye mali arekebishe hali hiyo. Kwa ripoti ya soko, basi, liko mahali pake hasa.

Hata hivyo, usilitumie kamwe kumweleza mtu. Mwaka 1881 jiji la Chicago lilipitisha sheria ndogo iliyomkataza mtu mwenye maradhi au ulemavu unaoonekana, ambaye kwa maneno ya sheria hiyo alikuwa "unsightly or disgusting object", asijionyeshe barabarani, na adhabu ilikuwa faini ya dola 1 kwa kila kosa. San Francisco ilitangulia kwa amri ya aina hiyo mwaka 1867, na ile ya Chicago haikufutwa hadi 1974. Tazama jinsi waandishi wake walivyomwita binadamu kitu, kisha wakambandika kivumishi cha vitu. Kusema "an unsightly scar" kunakubalika, kwa kuwa linalosemwa ni kovu lenyewe, lakini "an unsightly man" ni tusi hata likiandikwa kwa karatasi yenye nembo.

Msomaji wa Sanaa alijibu:

Yapo pia "unaesthetic" na "unprepossessing". La kwanza lina asili ya Kigiriki, katika neno linalohusu utambuzi kwa hisi, ambalo mwanafalsafa Mjerumani Alexander Gottlieb Baumgarten alilipa maana ya elimu ya uzuri katika karne ya 18. Linafaa uhakiki wa michoro au wa usanifu wa majengo, lakini ukilitumia kwa nyaya za umeme utaonekana unajikweza. La pili ni la upole, nalo husema kwamba kitu au mtu havutii kwa mtazamo wa kwanza. Jihadhari na "homely": Uingereza huisifu nyumba yenye starehe, na Marekani humweleza mtu asiye na sura ya kuvutia.

Karani wa Soko:

Nawashukuru sana. Nimeandika hivi: "The unsightly walls, unsightly stalls and unsightly wires should be removed." Je, inafaa?

Mwalimu wa Sarufi:

Sarufi haina kosa, ila umelirudia neno hadi limepoteza nguvu, na zaidi ya hapo umeagiza kuta zibomolewe, jambo ambalo sidhani kama ndilo ulilokusudia. Litumie mara moja tu, kwa mabango, kisha vingine vieleze kwa hali yake halisi, kwa sababu mkurugenzi anaweza kubishana nawe juu ya kinachopendeza, lakini hawezi kubishana na kutu: "The unsightly posters should be taken down, the rusted stalls cleared and the loose wires secured." Nyaya nimezipa kitenzi tofauti kwa makusudi, kwani haziondolewi, zinafungwa vizuri, na tatizo lake la kwanza ni usalama wa wapita njia.