Naomba ushauri: pumzi na upepo wa matairi kwenye changarawe za milimani

Waendesha baiskeli wenzangu, salaam. Tangu juzi nipo milimani, kwenye kimo cha mita 3,000, ambako kanieneo ya hewa ni kama asilimia 70 ya ile ya usawa wa bahari, na kila mwinuko wa changarawe hunikata pumzi kabla miguu haijachoka. Nimejaribu gia nyepesi kabisa, kisha nikapunguza upepo wa matairi yangu ya milimita 40 ili gurudumu la nyuma lisiteleze. Utelezi umepungua kweli, lakini jana rimu iligonga jiwe kwa mlio ambao bado unanisumbua. Jioni kichwa huniuma kidogo.

Je, nikae hapa siku ngapi kabla ya kupanda hadi mita 4,000? Na mtu wa kilo 75 ajaze upepo kiasi gani?