Naomba ushauri: kifundo cha mguu kimekaza, kuchuchumaa hakuwezekani

Wakuu, naomba ushauri kwa wanaojua mazoezi ya viungo. Kifundo kilivunjika, kikawekwa chuma na skrubu. Sasa ni wiki ya 12, plasta ilitoka wiki ya 6, na daktari ameruhusu kukanyaga kwa uzito wote. Tatizo ni kukunja. Kwenye kipimo cha goti kugusa ukuta (umbali wa kidole gumba cha mguu toka ukutani, goti likiugusa na kisigino kikiwa chini), mguu mzima unafika sm 11, huu sm 4 tu. Kushuka ngazi ni taabu, choo cha kuchuchumaa ndiyo kabisa.

Ratiba ya sasa: kunyoosha kigimbi sekunde 30 mara 4, goti likiwa limenyooka kisha likiwa limekunjwa (wengi huruka hili la pili, na ndilo linalofikia msuli wa ndani), kuinua visigino mara 15, seti 3, kusimama mguu mmoja. Wakati wa kunyoosha na kupima, kisigino hakinyanyuki, unyayo haulalii ndani, maana vikifanya hivyo kipimo hudanganya.

Maumivu yako mbele ya kifundo, si nyuma kwenye kigimbi. Je, hapo kinachobana ni kiungo chenyewe? Niongeze kunyoosha, au physio (mtaalamu wa tiba ya viungo) auvute mfupa kwa mikono kwanza? Na kukimbia kuanze baada ya kuinua kisigino cha mguu huo mmoja mara ngapi?