Naomba ushauri: nilipe dola 450 za kongamano au nisubiri?

MwanaNgara
Wadau, hamjambo. Mimi ni mwanafunzi wa uzamili katika isimu, chuo kimoja hapa Nairobi. Jina la chuo naliacha, msimamizi wangu huenda anapita humu.

Nimeandika makala kuhusu sentensi moja tu, msinicheke: "Wanafunzi wote hawakuja." Je, hakuja hata mmoja, au walikuja baadhi? Niliwauliza wasemaji arobaini wakagawanyika. Kisha nikaziuliza programu tatu za akili unde, kila moja ikajibu lake kwa uhakika wa mpiga ramli.

Sasa shida. Kuna kongamano la "mantiki, isimu na akili unde" lililoniandikia lenyewe kwa barua pepe. Nikatuma ikisiri Jumatatu, Jumatano nikakubaliwa. Ada ni dola 450, mwisho Ijumaa, ukumbi ni hoteli Dubai. Upande wa pili kuna kikao cha wanafunzi cha ESSLLI, ile shule ya kiangazi ya mantiki na lugha, Ulaya. Huko wanataka makala kamili, majibu ni baada ya miezi, na hata wakinikubali nauli sina. Mjomba amenikopea elfu sitini kwenye chama chake cha akiba. Dola 450 ni kama elfu hamsini na nane. Mnaona hesabu ilivyo. Nifanyeje?

KamusiYaMtaa
Siku mbili? Mimi barua ya kuthibitisha tu kwamba ni mwanafunzi niliingojea wiki tatu.

FundiData
Dada, usilipe. Mwaka 2021 nililipa mimi, kongamano la mtandaoni, jina refu kama treni. Siku ilipofika tulikuwa sita. Aliyenitangulia aliwasilisha kuhusu saruji. Aliyenifuata, ufugaji wa samaki. Mwenyekiti akatushukuru sote kwa "mchango mkubwa katika akili unde". Cheti ninacho hadi leo, sijawahi kumwonyesha mtu.

Kongamano la kweli lina ukoo. Ukitaka la isimu ya tarakilishi, tazama ACL, chama kilichoanzishwa 1962. Makala zake ziko wazi kwenye ACL Anthology, unazisoma bure, na unaweza kuona nani aliandika nini mwaka gani. Upande wa mantiki na lugha ndiyo hiyo ESSLLI uliyoitaja: ilianza 1989 kule Groningen, iko chini ya FoLLI, chama cha watafiti wa mantiki na lugha, na huhama mji kila mwaka. 2023 ilikuwa Ljubljana, 2024 Leuven, 2025 Bochum. Ni wiki mbili za masomo, na kile kikao cha wanafunzi kimewekewa watu kama wewe ambao bado hawana uzamifu. Hilo la Dubai, tafuta makala za mwaka jana. Ukikosa hata moja, umeshapata jibu.

Jambo jingine: waombe maoni ya wahakiki. Wahakiki wa kweli wanauma. Mimi mmoja aliwahi kuniandikia kwamba sehemu ya nne inakanusha sehemu ya pili. Nilinuna wiki nzima, halafu nikaona kweli inakanusha.

MwanaNgara
Barua yao ilisema tu "makala yako yenye thamani kubwa". Kosa la tahajia kwenye jina langu.

ShangaziLikoni
Mwanangu, mambo ya Dubai siyajui, lakini hiyo sentensi yako haina utata wowote. "Wanafunzi wote hawakuja" ni kwamba hakuja mtu. Mkitaka ile nyingine semeni "si wote waliokuja". Nyinyi wa bara ndio mnaoitatiza.

OtiK
Shikamoo Shangazi. Mimi nafundisha Kayole. Nikiita daftari asubuhi nikakuta viti vitupu vitatu, namwambia mwalimu mkuu "wote hawajafika", na hatoki mbio kudhani darasa ni tupu.

ShangaziLikoni
Marahaba. Hapo ungesema "hawajafika wote". Umegeuza mpangilio, maana imegeuka. Hilo hata mtoto wa chuoni anakusahihisha.

MwanaNgara
Ngojeni. Shangazi, ukiweka "wote" mwishoni unaisikia ni baadhi, na ikiwa mwanzoni ni hakuna kabisa?

ShangaziLikoni
Ndivyo tusemavyo.

MwanaNgara
Sikupima mpangilio. Wote arobaini niliwapa sentensi ile ile moja. Na karibu wote ni wa Nairobi.

MzeeHoja
Binti, nimehakiki makala za watu miaka mingi. Swali la mama wa Likoni ndilo ambalo mhakiki angekuuliza kabla hajamaliza ukurasa wa kwanza: mawanda ya ukanushi, yaani kile hasa kinachokanushwa, yanabadilika "-ote" ikihama, au ni suala la lahaja? Shuleni tunaiweka "-ote" kwenye vivumishi vya pekee kisha tunaiacha hapo, kana kwamba kazi yake ni upatanisho wa ngeli tu. Una makala nzuri nusu. Hao wa siku mbili walikuuliza nini?

MwanaNgara
Walinyamaza, mzee. Waliuliza kama nitahitaji chakula cha mboga.

Abiria_Malaba
Niongeze la viza maana wengi hulisahau. Ya Schengen, yaani ya kuingia nchi nyingi za Ulaya, ni yuro 90 tangu Juni 2024 na ukinyimwa hairudi. Bima ya safari isipungue yuro 30,000. Unaruhusiwa kuomba miezi sita kabla, basi omba mapema, maana majibu ni siku 15 lakini yanaweza kuvutwa hadi 45. Na hela ya mjomba iliyoingia benki wiki jana wataiona tu. Mimi nilinyimwa kwa sababu hawakuridhika kwamba nitarudi. Nirudi wapi tena, nina kiosk Githurai!

Wala si wewe na mimi tu. NeurIPS, kongamano kubwa la akili unde, ya 2018 ilikuwa Montreal, na watafiti kadhaa Waafrika walinyimwa viza ya Kanada. ICLR, jingine la akili unde, ilipangwa iwe Addis Ababa 2020, korona ikaihamishia mtandaoni. Ilipofika Kigali 2023 nilipanda basi hapa mjini, nikapitia Kampala, kitambulisho mfukoni, pasipoti niliiacha nyumbani. Sisi, Waganda na Wanyarwanda tunavuka kwa kitambulisho. Kiuno kiliuma siku tatu, lakini niliongea na watu ambao majina yao nilizoea kuyaona kwenye makala tu.

Kwa hiyo kabla ya Ulaya, angalia warsha ya AfricaNLP, ya kuchakata lugha za Afrika kwa tarakilishi, na Deep Learning Indaba, mkutano wa kila mwaka wa watu wa akili unde Afrika. Indaba ilikuja hapa hapa Chuo Kikuu cha Kenyatta 2019. 2024 ilikuwa Dakar, 2025 Kigali. Na watu wa Masakhane, kundi la watafiti wa Afrika, wanafanya kazi ya lugha zetu mwaka mzima, hungoji kongamano.

KamusiYaMtaa
Lakini ESSLLI asiiache. Kutuma makala hakuhitaji viza.

MzeeHoja
Sawa kabisa. Atume, ila si hii ya leo.

MwanaNgara
Wadau, leo Jumamosi, narudi na habari. Niliwaandikia wale wa Dubai nikaomba maoni ya wahakiki. Wamenijibu baada ya saa moja: ada imeshuka hadi dola 300, mwisho Jumatatu. Mjomba nimemrudishia elfu hamsini. Kumi nimemwomba anivumilie, nataka kwenda Mombasa kuwauliza watu upya. Kwa sasa nisaidieni hapa. Hakuja hata mmoja, au walikuja baadhi?

1. Wanafunzi wote hawakuja.
2. Hawakuja wanafunzi wote.
3. Kila mwanafunzi hakuja.
4. Si wanafunzi wote waliokuja.

Na mtaje mlikokulia.

OtiK
Kisumu, kisha Kayole. 1 inategemea, 2 baadhi, 3 hakuna, 4 baadhi.

ShangaziLikoni
Likoni. 1 hakuna, 2 baadhi, 4 baadhi. Ya 3 haisemwi. Ukija Mombasa nitafute, nitakukutanisha na mama yangu, yeye hata hiyo ya 4 atakusahihisha.