Miezi sita bila posho: tunachuja vipaji au mifuko?

Mwenye Hoja: Ofisi za usanifu wa michoro hapa mjini Unguja zinataka kijana aje na laptopu yake, afanye kazi miezi mitatu hadi sita bila posho, ndipo afikiriwe. Wa Mazizini, hapa hapa mjini, anayerudi kwao kula atamudu. Wa Micheweni, kule Pemba, ana boti ya kulipa, pa kulala, daladala, chakula na bando. Mimi naona wanaochujwa ni watoto wa wasio nacho. Mnasemaje?

Fundi Fleksi: Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Posho ya nini kwa mtu anayeharibu karatasi? Kadi ya milimita 85 kwa 55, analeta faili la 85 kwa 55 hasa. Kisu kikihama nusu milimita, pembeni panabaki mstari mweupe. Faili liwe 91 kwa 61, yaani milimita 3 za kukatwa kila upande, na maandishi yasisogee ukingoni. Tena herufi ndogo nyeusi kazichanganyia wino zote nne za uchapaji: samawati, majenta, njano na nyeusi. Rangi zikipishana kidogo tu, herufi zina ukungu. Weka nyeusi peke yake, asilimia 100. Hasara hiyo nani ailipe?

Binti wa Wete: Ainame miezi sita, anakula nini huko mvunguni? Hayo yote, kaka, yanafundishika kwa asubuhi moja. Andikeni karatasi, bandikeni ukutani.

Mji na Pindo: Na laptopu nayo isiwe kisingizio. Bango la mita 3 kwa 1 likifunguliwa kwa nukta 300 kwa inchi, picha inafika pikseli 35,433 kwa 11,811, zaidi ya gigabaiti moja kabla hujaongeza tabaka la pili. Mashine ya RAM ya gigabaiti 4 inaganda, kijana anaambiwa hana vifaa. Bango husomwa kwa mbali. Nukta 75 zinatosha, na faili linashuka hadi megabaiti 78 hivi. Aliyekulia karibu na ofisi kalisikia hilo kwa mjomba. Mwenzake kaenda kukopa mashine mpya!

Fundi Fleksi: Na programu? Za kulipia kila mwezi zinataka kadi ya benki.

Mji na Pindo: Inkscape, programu ya kuchorea, ni bure. Tatizo lake ni rangi: inafanya kazi kwa rangi za skrini, ile buluu ya bahari mnayoipenda kwenye vipeperushi vya hoteli inatoka imefifia. Faili lipitishwe Scribus, programu ya kupanga kurasa, nayo bure, litolewe PDF ya wino nne, kisha uchapishe nakala moja ya majaribio kabla ya mia tano.

Fundi Fleksi: Haya, nakubali mwezi mmoja badala ya sita, na nauli juu ya ofisi. Ila karatasi iliyoharibika baada ya hapo, tugawane.

Binti wa Wete: Nauli ya daladala hiyo. Wa Pemba atalala wapi mwezi huo?