Nyuzi zilizobaki, nataka kufuma mtandio wa milia wa matundu

BintiWete
Asalam aleikum wapenzi. Nna mfuko mzima wa nyuzi zilizobaki, nyengine za sweta za watoto nyengine za vitambaa vya meza, rangi chungu nzima na hamna hata donge moja zima. Nataka nifume mtandio wa milia, ule wa matundu matundu, nijitupie mabegani arusi za usiku maana kusi likivuma huku Pemba si mchezo. Kufuma najua mshono wa mbele na wa nyuma, na kupunguza. Nianzie wapi, na ntajuaje uzi utatosha?

UmmuSalha
Waaleikum salaam shoga. Rangi ziwache kwanza, zijue nyuzi zenyewe. Kata kijipande cha kila donge ukichome juu ya kisahani. Pamba inawaka moja kwa moja na kubaki jivu laini, sufu inanuka nywele zilizoungua na inajizimia yenyewe, akriliki, ule uzi wa plastiki, inayeyuka ikipoa inakuwa kidonge kigumu. Pamba na akriliki usizitie mtandio mmoja, kwa sababu matundu hayafunguki mpaka uutandaze kazi ikesha, na pamba unailoweka ukaibana na pini ikakauka, ila akriliki maji hayaishughulishi, inataka mvuke wa pasi kwa mbali na pasi ikiigusa tu imelala hairudi tena.

Bi Mkunazini
Hapo kweli. Sasa mwanangu kwa anayeanza fuma ile ya mawimbi, asili yake visiwa vya Shetland huko Uskoti, inaenda kwa mishono 18. Anza na 94, yaani 18 mara tano na miwili miwili ya pembeni unayofuma ya mbele siku zote. Mstari wa 1 wote wa mbele, wa 2 wote wa nyuma (ile miwili ya pembeni tu ndo inabaki ya mbele). Wa 3 ndo wenye kazi: fuma miwili kwa pamoja mara tatu, halafu zungusha uzi kwenye sindano ufume mmoja, hivyo mara sita, halafu miwili kwa pamoja mara tatu tena, unarudia mpaka mwisho. Wa 4 wote wa mbele, halafu unarudi wa 1. Umepunguza sita umeongeza sita, kwa hivyo hesabu ikikataa ujue kuna tundu umelisahau. Sindano chukua za milimita 5 au 5 na nusu, ndogo zinaziba matundu. Rangi badilisha mstari wa 1 tu, ncha zote zitakaa upande mmoja.

kroshia_tu
Mie ningechukua kroshia, ndoana moja, mshono ukitoka haukimbii na kazi yote hahaha

Bi Mkunazini
Kroshia inakula uzi zaidi wewe, na mwenzio anafuma mabaki!

UmmuSalha
Kuhusu kutosha, pima donge kwenye mizani ya jikoni kabla na baada ya kumaliza mistari yote minne, utajua mlia mmoja unakula gramu ngapi, basi unagawa. Zile nyembamba fuma mbili kwa pamoja. Na kama rangi zinagombana, weka nyeusi baina ya kila mlia. Tazama kanga ya kisutu, nyekundu nyeusi nyeupe, nani kasema hakipendezi?

BintiWete
Ahsanteni jamani. Nshachoma, wallahi nyumba nzima inanuka nywele. Pamba ndo nyingi, ntaanza nazo. Ila kuna nyekundu moja siiamini, na nyeupe nnayo pia.

UmmuSalha
Hiyo nyekundu iloweke peke yake na kijitambaa cheupe usiku kucha. Kikitoka na rangi iloweke tena, mpaka kitoke cheupe. Ikikaidi ifumie kitambaa cha meza.

kroshia_tu
Au unipe mie